Mtambaapanya wa Nyumba ya Mama

Fundi anayenijengea banda la ng'ombe hapa Nyanchwa ni kijana mwenye adabu, ila ana kicheko kibaya. Wiki iliyopita alikuwa juu ya ngazi, misumari mdomoni, akaniuliza nataka mbao ya inchi ngapi kwenye "wolpleti". Nikamjibu bila kufikiri kwamba mtambaapanya wa banda la ng'ombe hauhitaji kuwa mnene sana. Akaitoa misumari mdomoni apate kucheka vizuri.

"Mama, hiyo ni jina ya mti ama ya ugonjwa?"

Vijana wake wawili waliokuwa wakikoroga saruji nao wakacheka. Nami nikacheka nao, kisha nikaingia jikoni nikakaa kwenye kigoda. Chai iliyokuwa motoni ilifurika ikazima moto, nami nikaitazama tu.

Mtambaapanya ni ule mti unaolazwa juu ya ukuta wa nyumba ili paa lipate pa kukalia. Nilifundishwa neno hilo na babu yangu nikiwa darasa la pili, nikalipenda kuliko jina langu mwenyewe. Halafu ukapita muda mrefu, karibu utu uzima wangu wote, ambao sikuweza kulitamka.

Kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Magwagwa, mahali ambapo migomba hushuka mpaka mtoni na chai ilikuwa ndiyo kwanza inapandwa. Baba alifanya kazi katika mashamba makubwa ya chai huko Kericho, akija nyumbani mwisho wa mwezi na mkate uliobonyea. Siku nyingine zote boma lilikuwa na watu watatu: mama, mimi, na babu, baba mzazi wa baba. Bibi alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Nilimwita babu Sokoro, kama watoto wote wa Kigusii wanavyowaita babu zao.

Sokoro alipokuwa kijana alichukuliwa kwenda kufanya kazi ya kibarua huko pwani. Akaishia kwa fundi mmoja wa Mombasa, akimbebea miti na udongo, mpaka naye akawa mjenzi. Aliporudi alikuwa na timazi moja ya shaba, ile ya kupimia wima wa ukuta, ndani ya soksi, koti moja refu, na maneno. Koti lilichakaa lakini maneno hayakuchakaa. Sisi nyumbani tulizungumza Kigusii, na yeye pia, lakini alipofika kwenye nyumba na sehemu zake Kiswahili cha pwani kilimjia mdomoni, na uso wake ukawa wa kijana.

Nyumba yetu aliijenga yeye, kila mti. Ilikuwa ya udongo na nyasi, vyumba viwili. Cha mbele ni cha wageni, na cha ndani ni cha mama, kikiwa na dari ya fito juu yake tuliyoiita rirongo, ambamo mama aliweka magunia ya wimbi na mahindi. Siku mama alipoletwa kama bibi arusi, Sokoro alitoka ndani ya nyumba hiyo akahamia kibanda chake mwenyewe bomani, na toka siku hiyo hakuvuka tena kizingiti chake. Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hamshiki mkono mke wa mwanawe, hamtazami usoni, na wakikutana njiani kila mmoja humpisha mwenzake kwa kugeukia pembeni. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Mzee akiivunja, aibu huwaangukia wote wawili, na wazee huketi wakamhoji.

Nilijua neno hilo, kila mtoto alilijua. Lakini mimi nilikuwa mtoto mwenye kisirani, na kichwani mwangu niliamua kwamba chinsoni ni jina la adabu ambalo watu wazima wamelipa chuki. Nilimwona Sokoro akila nje kwenye mvua ya rasharasha, sahani magotini, hatua nne kutoka mlango alioutengeneza mwenyewe. Nilimwona mama akipitisha maneno kwangu, "mwambie babu yako uji uko tayari," na yeye akiwa hapo hapo anasikia. Nikasema moyoni, huyu mzee hampendi mama yangu. Nilimpenda yeye, na nilimpenda mama kuliko yeye, na hesabu hiyo ilinisumbua.

Jioni nyingi alinikalisha kwenye gogo karibu na ghala, akachora nyumba mavumbini kwa kijiti. Kila sehemu alinipa jina letu, halafu jina la pwani, halafu sababu yake. Mwimo, ule mti unaosimama upande huu na upande huu wa mlango, ni kwa sababu unasimama wima. Mchirizi, pale maji ya paa yanapoangukia, ni kwa sababu maji huchirizika. Ghala, ambalo sisi twaliita ekiage, alisema ni neno la Waarabu, na kwao lilikuwa jina la mavuno yenyewe. Watu wa pwani wakalipa kibanda jina la chakula. Dirisha lilitoka kwa Waajemi. "Nyumba za baba yangu hazikuwa na dirisha," alisema, "ndiyo maana tulipoazima kitu tukaazima na neno." Kombamoyo, ile miti inayopanda kutoka ukutani mpaka mwamba, ule mti wa kileleni, kubeba nyasi, alidai imeitwa hivyo kwa sababu mjenzi akiiweka vibaya, mwenye nyumba hulala moyo ukikombwa. Nilipokuja kuwa mwalimu nilitafuta sababu hiyo katika kamusi nisiione. Nadhani aliitunga mwenyewe, na mpaka leo sijapata nzuri zaidi.

Na mtambaapanya? "Panya hapiti chini penye paka," alisema. "Hupanda ukuta, akifika kwenye mti huu anatambaa nyumba nzima, kona kwa kona, kama mtu anayekwenda sokoni." Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye gogo. Lakini usiku, nikiwa nimelala chini ya mti huo huo, sikucheka. Niliamini ni mali ya panya kweli, kwamba sisi tumeazimwa tu nyumba, na kwamba kule kona ya ndani, juu ya rirongo, yuko mkubwa wao.

Kizingiti ndicho pekee alichokataa kunieleza. Nilimuuliza mara tatu. "Hicho kiruke tu," alisema.

Hakunifundisha hayo yote kwa ajili ya kupoteza jioni. Nyumba ya udongo ina adui mmoja mkubwa, mchwa, na mchwa huanzia mahali asipoonekana. Sokoro alijua kila mti wa nyumba ile, na hakuweza kuingia kuutazama hata mmoja. Kwa hiyo kila ilipokaribia masika alinituma mimi. Mimi niliingia na mwiko, yeye akasimama nje chini ya upenu, sikio ukutani. "Gonga nguzo ya kati." Nagonga. "Gonga mwimo wa kushoto." Nagonga. Mti mzima hujibu upesi, alinifundisha. Ulioliwa na mchwa hujibu kama mtu aliyejifunika blanketi. Tulizunguka hivyo nyumba nzima, mimi ndani, yeye nje, ukuta katikati yetu. Hakukuwa na kazi niliyojivunia zaidi.

Mwaka ule ninaousimulia, siku moja kabla ya kugonga, mama alikuwa akipanda kutoka mtoni na mtungi kichwani. Mimi nilikuwa nyuma yake na kibuyu changu. Sokoro alikuwa akishuka kwenye kijia hicho hicho, chembamba, chai huku na chai huku. Alipotuona aliingia ndani ya chai akatupa mgongo, kama ilivyopasa. Mama naye akageukia upande wa pili ili ampishe, mguu ukateleza kwenye tope, akaanguka. Mtungi ulivunjika. Goti lake lilipasuka, na damu ikachanganyika na maji. Sokoro alikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemdaka. Hakugeuka. Alisema tu, akitazama mlima wa ng'ambo, "Mtoto, msaidie mama yako."

Nilimsaidia. Nilikusanya vigae na nikachemka kwa hasira mpaka masikio yakawasha.

Kesho yake jioni akaniita kazini. Niligonga nguzo, niligonga miimo, niligonga mtambaapanya wa chumba cha mbele nikiwa juu ya kigoda. Ikabaki kona ya ndani. Huko ilibidi kupanda ngazi mpaka kwenye rirongo, kupita katikati ya magunia, gizani. Nilipanda vipago viwili. Kitu kilikwaruza huko juu. Nikashuka nikasimama chini, mwiko mkononi, na hasira ya jana ikanisaidia kuwa mwoga bila kuona haya.

"Nimemaliza," nilisema. "Kona ya ndani ni nzima."

"Sijausikia," alisema Sokoro kutoka nje.

"Nimegonga. Umeanza kuwa kiziwi, Sokoro."

Hakuna mtoto wa Kigusii anayemwambia babu yake hivyo akabaki na masikio yote mawili. Nilingoja anikemee. Badala yake akasema, "Haya. Macho yangu ni wewe."

Mvua ya mawe ya kwetu huja mchana, baada ya jua kali, na haibishi hodi. Siku ile ilipotufikia, masika yale yale, ilikuwa siku ya soko na watu wote wa mlima wetu walikuwa Magwagwa. Shule zilikuwa zimefungwa. Mimi nilikuwa nimejificha chini ya upenu wa ghala, natazama mawe yakirukaruka uani, nayaokota nayala. Mama alikuwa ndani. Paa lilikuwa limeanza kuvuja upande wa nyuma, naye alikuwa akishusha magunia ya wimbi kutoka kwenye rirongo yasilowe. Upepo ukaja mara moja kutoka mlimani.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anavunja muwa gotini. Halafu ukafuata mwingine mzito, chini, na vumbi jekundu likatoka mlangoni likakutana na mvua.

Nilijua ni kona ipi. Sikuhitaji kuambiwa. Nilisimama nikiwa na barafu mdomoni na nikajua kabla sijasikia mama akilia.

Sokoro alikuja mbio kutoka kwake bila kofia, mzee ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Alifika mlangoni akasimama ghafla kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba, mikono miwili kwenye miimo, vidole vya miguu vikigusa kizingiti.

"Mama yako?"

"Yuko ndani!"

"Kemunto, nisikie. Ingia polepole. Usishike kitu. Uniambie unachokiona, kwa majina yake."

Niliingia. Chumba cha ndani kilikuwa na mwanga, nami nikashangaa mwanga umetoka wapi, mpaka nikaona nyasi zimefunguka. Rirongo lote lilikuwa chini. Mama alilala kifudifudi, magunia mawili mgongoni, na juu ya mguu wake ulikuwa umelala mti mnene. Alikuwa akihema kama mtu anayepuliza moto.

"Sema!" alisema Sokoro.

"Rirongo limeanguka. Mama yuko chini yake. Anapumua."

"Nguzo ya kati?"

"Imesimama."

"Wima?"

"Imelala kidogo. Huku mlangoni."

"Kombamoyo mangapi yameshuka?"

"Matatu. La nne linasogea, Sokoro, linasogea!"

"Liache. Usilitazame. Mwamba wa kileleni umekatika?"

"Umepinda."

"Na mtambaapanya?"

Nilitazama ule mti juu ya mguu wa mama. "Umevunjika," nilisema. "Kona ya ndani."

Nje Sokoro akasema "Haya," na tena "Haya," na nikamsikia akiondoka mbio. Alirudi na mti wenye panda, ule wa kuegemezea mgomba uliozaa sana, akausukuma kupitia mlangoni. Mikono yake iliingia mpaka viwikoni. Miguu ilibaki nje. Nililiona hilo vizuri sana, na nililitunza.

Kwa sauti yake, jina kwa jina, nilitia panda chini ya kombamoyo la nne, nikasukuma mguu wa mti kwa matako yangu mpaka ukakaa. Likaacha kusogea. Kisha nikashika gunia la wimbi nikavuta. Halikunisikia. Nikashika mtambaapanya, nikavuta, mama akapiga ukemi ambao bado ninao. Udongo wa ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kushuka na maji, polepole, kama uji unaomwagika sufuriani.

"Toka, mwanangu," mama alisema. "Toka wewe."

"Sokoro, siwezi! Ni mzito! Ingia!"

Nilikimbilia mlangoni. Alikuwa pale pale, maji yakimtiririka kwenye nyusi, midomo inacheza bila sauti.

"Ingia! Nyumba uliijenga wewe, ingia!"

"Toka nje," alisema. "Nenda kwa Nyabuto. Waje watu wanne, na kamba."

"Nyabuto yuko Magwagwa! Wote wako sokoni!"

"Basi wafuate. Kutana nao njiani."

Ilikuwa mbali. Sote wawili tulijua ni mbali. Nikamtazama mzee huyo aliyenifundisha kila kitu nilichokijua, nikamwambia, "Unataka afe."

Uso wake haukubadilika. "Kimbia," alisema.

Nilikimbia. Nilipofika kwenye migomba niligeuka mara moja tu, na bado alikuwa amesimama mlangoni, mikono kwenye miimo, mgongo wake kwangu. Hiyo ndiyo picha niliyoondoka nayo. Nilikanyaga mawe ya mvua bila viatu, nikaanguka, nikainuka, nikaomba kwa Mungu wa shule ya Sabato kwa maneno yote niliyoyajua, na katikati ya sala nikawa nasema, sikugonga, sikugonga, sikugonga. Wanaume wanne niliwapata karibu nusu ya njia, wamejikinga kwenye kibanda cha kuuzia ndizi. Nyabuto jirani yetu alikuwa mmoja wao. Hawakuniuliza maswali. Mmoja alinibeba mgongoni, tukaja mbio.

Nyumba haikuwepo. Palikuwa na rundo la nyasi na matope, na nguzo ya kati ikichungulia. Nilianza kupiga kelele, na Nyabuto akanishika kichwa akakigeuzia upande wa ghala. Mama alikuwa amelazwa juu ya majani ya mgomba chini ya upenu, amefunikwa koti refu la Sokoro. Mguu wake ulielekea mahali ambapo mguu hauelekei. Macho yalikuwa wazi. Upande wa pili wa ghala, mgongo kwa mama, Sokoro aliketi chini kwenye tope, anatetemeka, viganja amevificha makwapani.

"Umetokaje?" Nyabuto alimuuliza mama.

"Nilitambaa," mama alisema. "Mungu alinisaidia, nikatambaa." Koti, alisema, alirushiwa.

Waliung'oa mlango kutoka kwenye rundo, wakamlaza juu yake, wakambeba mabegani mpaka barabarani. Huko lori la chai lilimchukua hospitalini. Alikaa huko mpaka mahindi yakakomaa. Aliporudi alikuwa akitembea kwa kuchechemea, na alichechemea maisha yake yote.

Kanisani walimshukuru Mungu kwa muda mrefu. Mzee wa kanisa alisimama akasema malaika wa Bwana aliingia katika nyumba ile, akainua mti ambao watu wanne wangeuinua kwa shida. Watu wakasema amina. Nami nikamtazama Sokoro upande wa wanaume, ameinamisha kichwa, nikawaza, ndiyo, ilibidi aje malaika, kwa sababu wewe ulisimama mlangoni.

Niseme ukweli wote. Nilimchukia kwa bidii ambayo haikuwa ya mtoto, na nilijua kwa nini. Uongo wangu ulikuwa mzito kuliko gunia la wimbi, na yeye alinipa mahali pa kuutua. Kila nilipoikumbuka ile kona ambayo sikuigonga, haraka haraka niliikumbuka miguu yake nje ya kizingiti. Kati ya mtoto aliyeogopa panya na mzee aliyeacha mke wa mwanawe chini ya paa, mwenye kosa kubwa ni nani? Nilijiuliza hivyo na nikajijibu hivyo, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyenipinga kwa sababu hakuna aliyejua.

Baba alijenga nyumba mpya ya mabati. Sokoro alisimamisha miti, akapima kuta kwa timazi yake, na siku mama alipoingia na mkongojo wake yeye akatoka. Karibu na masika alikuja chini ya upenu akaita, "Kemunto, tugonge." Nilikuwa ndani, nimekaa kitandani, namsikia. Sikuitika. Akangoja. Aliita mara ya pili, halafu nikasikia hatua zake zikienda. Hakuniita tena. Jioni alichora mavumbini peke yake, na mimi nikapita na ndoo yangu bila kutazama alichokichora. Alifariki nikiwa katika chuo cha ualimu. Nilikuja mazishini, nikaimba na kwaya, nikarudi chuoni nikafanya mtihani, nikafaulu.

Mama aliishi mpaka uzee mwema. Siku moja, mimi mwenyewe nikiwa tayari nina wajukuu, tulikuwa kwake tunachambua chinsaga, zile mboga chungu alizozipenda. Tulikuwa tukizungumza juu ya jirani aliyekuwa akitibiwa na mkwewe daktari, na jinsi mambo yalivyobadilika. Nikasema, kwa mzaha wenye meno, kwamba Sokoro angemwacha mgonjwa afe kuliko kumshika mkono.

Mama aliacha kuchambua.

"Nani huyo aliyemwacha nani afe?"

"Mama, nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi? Ulikuwa njiani."

"Ulitambaa mwenyewe. Ulisema."

"Kemunto, wewe ni mwalimu mzima," mama alisema. "Mguu umevunjika mahali pawili, magunia mawili mgongoni. Nilitambaa na nini? Na mkia?"

Nilimtazama. Aliuweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Ulipopita migomba tu, aliingia," alisema. "Alifumba macho. Nilikuwa nimelala nguo ziko huku na mimi niko kule, na yule mzee alikuja amefumba macho, mikono mbele kama kipofu. Nyumba aliijua. Kila alichokigusa alikitaja, ili nijue amefika wapi. Mwimo. Nguzo. Kombamoyo. Nami nikimwambia, kushoto, baba, kushoto kidogo. Ndivyo alivyonifikia. Mti aliuinua kwa bega, akanishika hapa na hapa, akanitoa. Viganja vyake vilikuwa vimechanika vyote. Mpaka nje hakufumbua."

"Mbona hamkusema? Miaka yote hiyo!"

"Tumwambie nani? Aketishwe mbele ya wazee aulizwe ameshika nini? Niulizwe mimi? Alinirushia koti akaenda kukaa kule, nami nikasema nimetambaa. Hatukuhitaji kupatana."

Nilikuwa nimeona mgongo wake mlangoni, nikaishi na mgongo huo, na kumbe alikuwa akingoja tu nipotee machoni. Mwishowe niliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuitambua, kama alisema neno lolote zaidi ya majina ya miti.

Mama akachukua jani moja la chinsaga akalichambua, akalitupa ungoni bila kunitazama.

"Alipoishika ile kona ya ndani, ili auinue, mti ulimomonyoka katika vidole vyake. Mchwa mtupu, na si wa jana. Alisimama kimya hata nikadhani ameumia. Paa linalia juu yetu, na yeye kasimama. Halafu akasema, 'Mama Kemunto, mtoto asiulizwe.'"